Mliowapeleka watoto wadogo Pwani, hebu tupeane uzoefu

Mama wa Umoja
Wadau hamjambo. Sisi tumerudi jana kutoka Diani, mimi, baba mtoto na kijana wetu wa miaka miwili na miezi minne, na saa hii nafua nguo zenye mchanga hadi kwa mishono, nikaona badala ya kulalamika peke yangu niwaulize nyinyi mlifanya aje.

Hii safari tumeiwekea pesa tangu Januari. Kila wiki kitu kidogo kwa akaunti, tukakataa harusi mbili, na baba yake akamfundisha mtoto neno bahari mpaka akawa anawaambia watu wa matatu, "Naenda bahali." Haya tukafika. Siku ya kwanza asubuhi nikamvua viatu nikamweka kwa mchanga, kile cheupe laini cha Diani, na huyu mtoto akaanza kuinua miguu moja moja kama kuku wa kienyeji kwa sakafu ya tailsi, halafu akapiga nduru watu wote wakageuka. Hataki mchanga. Hataki maji. Anataka viatu vyake na soksi. Siku tatu nimekaa na yeye juu ya leso kama watu waliozama meli, baba yake anaogelea peke yake anatupungia mkono.

Alichopenda ni bomba. Pale mnapotoka bichi mkiingia hotelini kuna kabomba ka kuosha miguu, sasa hapo ndipo tulikuwa tunashinda, anafungua, anafunga, anajaza ndoo, anamwaga. Pesa yote hiyo na nauli ya watu, mtoto acheze na bomba. Baba yake akaniambia hata nyumbani kuna bomba, nikamwambia tofauti hii iko na maji.

Siku ya nne tu ndiyo mambo yalibadilika, tulishuka asubuhi tukapata bahari imeenda mbali kabisa, imeacha vidimbwi, na mzee mmoja anayeuza vinyago hapo akamwonyesha kaa mdogo wa rangi ya mchanga akiingia shimoni. Kijana akasahau viatu. Alichuchumaa pale karibu saa nzima akingoja kaa atoke, akimwambia "njoo, njoo." Siku ya tano tukapanga begi.

Sasa niambieni, wenu walikuwa wa umri gani, mlienda na nini, na nini mngefanya tofauti. Hata kama ilikuwa Nyali ama Watamu leteni.

Baba Pacha
Pole sana mama, lakini hiyo ya kuku kwa tailsi imenimaliza. Wangu ni mapacha, walikuwa na mwaka mmoja na nusu, na kosa langu lilikuwa kuendesha gari. Ni kama kilomita 480, nikajiambia saa saba hivi tumefika. Tulitoka Kahawa West saa kumi alfajiri ili walale njiani, wakalala kweli, hadi Emali, hapo mmoja akatapika na mwenzake alipoona akatapika pia kwa kumuunga mkono. Halafu ukishafika mbele ya Mtito ni malori, unakaa nyuma ya moja dakika ishirini huwezi ovateki, watoto wanalia, mama yao amehamia kiti cha nyuma, mimi nimeambiwa nisiongee. Tuliingia Bamburi saa kumi na moja jioni. Hesabu mwenyewe.

Kurudi mke alipanda treni na watoto, mimi nikarudi na gari na masanduku. Ilikuwa safari tamu sana hiyo yangu, sitadanganya.

Wa Syokimau
Treni ndiyo jibu kwa mtoto mdogo, mimi nimeenda nayo mara tatu. Ikonomi 1,500 mtu mzima, wa miaka 3 hadi 11 analipa nusu, chini ya hapo ni bure lakini atakaa kwa mapaja yako njia yote kwa hivyo mkiwa na uwezo kateni na kiti chake. Viti vya ikonomi vinatazamana, utakaa goti kwa goti na watu usiowajua, na wengi huishia kumlea mtoto wako, mama mmoja wa Voi alimbeba wangu tangu Kibwezi mpaka akashuka. Kama mtoto anapenda kuangalia nje chukueni ile ya asubuhi inayosimama simama, mkipita Tsavo kuna mwanga na ndovu wanaonekana wekundu kwa sababu ya udongo. Ya usiku hakuna cha kuona. Fikeni steshoni mapema, kuna kukagua mizigo na mbwa ananusa mabegi yakiwa chini kwa laini, wangu alitaka kumkumbatia huyo mbwa na nikaangaliwa vibaya na afande.

Ah na mkishuka Miritini mnaenda Diani, mwambie dereva apitie Dongo Kundu, mnatokea upande wa kusini bila feri. Mtoto amechoka, jua, halafu foleni ya Likoni, hapana.

Mtu wa Kisauni
Nyinyi watu wa bara mwachekesha. Mwaenda baharini bila kuuliza maji! Huyo mtoto hakuwa na shida na bahari, alipelekwa saa mbaya tu. Naishi South B mwaka wa tisa sasa lakini nimezaliwa kule, hebu niwape hii bure.

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zasogea mbele kama dakika hamsini. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua, maji hujaa sana na hupwa sana, tofauti yapita mita 3. Siku za bamvua asubuhi kwenye saa nne, saa tano, maji yamekauka mpaka mwambani, hapo ndipo mtoto mdogo aona kaa na samaki vidimbwini, maji ya kifundo cha mguu, moto kama ya kuogea. Jioni saa kumi yamejaa yapiga ukuta wa hoteli na bichi hakuna. Sasa mtu kalipia hoteli "ya ufuoni" ashuka saa kumi na mtoto, akuta wimbi, aja mtandaoni kusema Pwani mbaya. Wiki inayofuata ni maji mafu, hayaendi mbali hayaji karibu sana, na saa hugeuka, asubuhi ndiyo yamejaa. Kabla ya kulipa dipozi angalia mwezi. Bure kabisa, uko juu pale.

Pia pepo. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi hivi, bahari nzuri lakini joto lachoma. Kusi ikishika katikati ya mwaka kuna upepo na mawimbi na mwani hutupwa ufuoni, mtoto atauogopa huo mwani kuliko mchanga. Na mvalisheni viatu vya mpira mkienda mwambani, kuna wale wadudu weusi wa miiba mirefu, mwiba ukivunjikia unyayoni utailaani safari.

Mama wa Umoja
@Mtu wa Kisauni kwa hivyo ile siku ya nne ilikuwa bamvua? Maana usiku wake mwezi ulikuwa kama sufuria.

Mtu wa Kisauni
Ndiyo hiyo mama. Ungekuja siku mbili tu baadaye ungepata tatu nzuri za kufuatana.

Mama Daipa
Jina nimejipa baada ya safari mtaelewa. Mimi sikujua kuna daipa za kuogelea. Nilijua daipa ni daipa. Nikamtia binti yangu, mwaka mmoja na miezi mitatu, swimingi ya watoto na ile yake ya kawaida, dakika tano hivi nikaona anashindwa kusimama, anayumba, kuangalia daipa imevimba imefika magotini, yaani ilikuwa kubwa kuliko yeye. Nikamnyanyua, nayo ikapasuka. Wadau, ndani ya daipa kuna vitu vidogo vidogo kama jeli, hivyo vyote vikaelea. Akaja kijana na wavu, akaja mwingine, wakawatoa watoto wote, wakafunga swimingi mchana kutwa, na kulikuwa na bethidei ya mtoto wa watu. Nilikula chajio chumbani siku mbili.

Ile ya kuogelea haivimbi, inazuia kile kikubwa tu, mkojo inapitisha. Nunueni huku Nairobi kabla hamjaenda, duka la hotelini waliniuzia pakti kwa bei nimekataa kumwambia mume wangu hadi leo.

Nyokabi wa mtaa
Tumbili wa Diani walimnyang'anya mtoto wangu ndizi mkononi kwa balkoni. Halafu mmoja akarudi akachukua na chupa ya maziwa. Fungeni milango ya balkoni hata mkiwa ndani, na msiwape chakula hata wakikaa kama wanaomba, ndivyo wanavyozoea.

Baba wa Lang'ata
Niruhusuni niharibu stori kidogo, hii si ya kuchekesha. Tulienda Watamu Aprili, msichana wangu ana miaka mitatu. Likizo safi, nyumba ya kukodi, tunajipikia, asubuhi mahamri na mbaazi kutoka kwa mama mmoja barabarani. Mbu walikuwepo lakini nani anahesabu, chandarua tulikuwa tunakiteremsha tukikumbuka. Tukarudi. Siku kama kumi na moja baadaye, tumeshasahau, mtoto akaanza joto usiku, asubuhi liko chini, tukasema ni meno, tukasema ni baridi ya Nairobi. Siku ya pili nikampeleka kliniki hapa mtaani, wakampima joto, wakaangalia koo, wakatupa dawa ya homa na ya kikohozi ingawa hakuwa anakohoa. Usiku ule akatetemeka mpaka kitanda kikawa kinasikika.

Aliyetuokoa ni shosho yake kwa simu. Anaishi Siaya, hakuuliza chochote kingine, aliuliza tu, "Mlikuwa wapi mwezi huu?" Nikamwambia Pwani. Akasema, "Ng'o, hiyo ni malaria, toka sasa hivi." Tukaenda hospitali nyingine saa nane usiku, mlangoni nikasema tu mtoto ametoka Pwani, wakamdunga kidole, nusu saa jibu likarudi ni malaria. Akapewa zile dawa za siku tatu, siku ya pili jioni akaitisha chapati.

Sisi wa Nairobi tumezoea kuishi bila malaria, tunaisahau, na daktari wa hapa usipomwambia umesafiri hatakisia. Inaweza kungoja wiki moja, mbili, hata zaidi kabla ya kujitokeza. Chandarua kila usiku, nguo za mikono mirefu jioni, na kabla ya safari mwone daktari wa mtoto umuulize kuhusu kinga. Na homa yoyote mkisharudi mtoto apimwe damu.

Mama wa Umoja
Baba wa Lang'ata asante, nimeweka alamu kwa simu ya wiki nne. Afadhali mtoto amepona.

Dada Mkubwa
Hakuna aliyeuliza swali la dada wa nyumbani? Mnaenda naye ama mnamwacha? Sisi tulienda naye, nikifikiri nitapumzika. Hoteli ikamhesabu mtu mzima kamili, chakula, kitanda, kila kitu, na hawakutuambia hadi tumefika kaunta na mabegi. Lakini lililoniuma si hilo. Huyu msichana hajawahi kuona bahari maishani, na siku mbili za kwanza nilimweka kwa chumba na mtoto analala mchana ili sisi tukae nje. Siku ya tatu nikampata amesimama dirishani na mtoto mgongoni, anaangalia maji. Niliona haya. Kuanzia hapo tukapeana zamu, asubuhi yake, jioni yetu, na siku ya kwanza alipoingia majini na rinda lake lote alicheka hadi watalii wakacheka naye. Kama mnaenda na dada mlipieni likizo pia, kama hamwezi mpeni off aende kwao.

Baba Pacha
Sisi tulienda na mama mkwe. Sisemi kitu, yuko kwa hii grupu.

Mgeni wa Ruaka
Yangu fupi, nilituma dipozi kwa namba ya mtu aliyekuwa na picha nzuri za nyumba mtandaoni, kufika tukapata geti ni lile lakini mwenyewe hamjui. Tulilala kwa gesti na mtoto wa miezi kumi, feni inapiga kelele kama posho mill, akatoka harara shingo yote. Pigeni simu ya hoteli yenyewe, na mkionyeshwa nyumba omba video wakiwa ndani wanakutajia jina lako.

Halafu kwa chakula msiumize kichwa. Bufe ya vyakula arobaini, wangu wa pili alikula chipo na tikiti siku sita na alirudi amenona.

Mama wa Umoja
Nimesoma zote. Tumeamua tunarudi Disemba, siku nne badala ya tano, treni ya asubuhi, na nimeshaangalia mwezi. Baba mtoto ameuliza kama kuna hoteli yenye bomba mbili.

Wa Kayole
Jamani kuna mwenye zile daipa za kuogelea zilizobaki, saizi 5? Naondoka Ijumaa na usiku, naweza kuzifuata popote ndani ya tao.