Mjadala: Je, tarikhi ya Ulindo ianze na mgeni aliyeshuka jahazini?

Wenzangu tunaoshirikiana kuitunga nchi ya kubuni ya Ulindo, pamoja nanyi mnaoifuatilia kazi hii,

Kuna jambo tumelipita pembeni kwa muda mrefu, na leo naomba tulijadili waziwazi. Kwa asiyeijua, Ulindo ni nchi ya visiwa na mrima tuliyoibuni kwa Kiswahili: ina ramani yake, ina kaskazi na kusi, ina miji minne ya mawe, na sasa inaandikiwa tarikhi. Rasimu ya sura ya kwanza iliyoletwa inasema kwamba nchi hiyo ilianza siku mwana wa mfalme kutoka ng'ambo alipotia nanga na majahazi saba, akakinunua kisiwa kwa nguo, akaoa binti wa mwenyeji, kisha akajenga mji na msikiti. Kabla yake, kwa maneno ya rasimu, palikuwa na pori na wavuvi wachache. Naipinga sura hiyo, na ninayoipinga ni sentensi ya pori na wavuvi wachache zaidi kuliko majahazi yenyewe.

Sote tunajua rasimu imechota wapi. Ni kisa cha Kilwa, kilichotufikia kwa njia mbili za maandishi: tarikhi iliyoandikwa kwa Kiarabu, na muhtasari ulioingizwa na Mreno João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552. Katika tarikhi ya Kiarabu mfalme wa Shirazi, mji wa Uajemi, anaota panya mwenye mdomo wa chuma akiutafuna ukuta wa mji, anaifasiri ndoto hiyo kuwa ni ishara ya maangamizi, na anaondoka na wanawe kwa majahazi saba, kila jahazi likishukia mahali pake. Aliyefika Kilwa anakuta kisiwa ambacho maji yakipwa mtu huvuka kwa miguu hadi bara, anakinunua kwa nguo za kukizungushia pande zote, na aliyeuza anahamia bara. Ni kisa kizuri mno, nami sishangai kwamba kila anayetaka kutunga nchi ya pwani hujikuta amekirudia bila kukusudia.

Lakini hebu tukisome polepole, kama wasomavyo watu wanaotaka kukitumia. Tarikhi hiyo hiyo inasema kwamba wageni walipofika walimkuta kisiwani Mwislamu mmoja na jamaa zake, na palikuwa na msikiti, na ni yeye aliyewaeleza habari za nchi na kuwafasiria maneno ya mtawala. Maana yake ni kwamba kisa chenyewe, kile kinachodaiwa kuwa hati ya kuzaliwa kwa mji, kinakiri kwamba msikiti ulikuwapo kabla ya mwasisi, kwamba nchi ilikuwa na mwenyewe aliyekuwa na haki ya kuiuza na akili ya kutaja bei, na kwamba palikuwa na watu waliokwisha kuzoea kusema na wageni. Hakuna auzaye pori kwa vipimo vya nguo. De Barros naye anaongeza jambo ambalo waigaji wa kisa hiki hulisahau: kwamba mwana huyo wa mfalme alidharauliwa na ndugu zake kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Basi hata huyo anayeitwa mgeni, katika mapokeo hayo, upande wake mmoja ulitoka huku huku Afrika. Rasimu yetu imechukua nguo, majahazi na harusi, ikaacha msikiti, mkalimani na mama. Kwa hiyo kosa lake halihitaji hata mwanaakiolojia kulionyesha. Imekisoma vibaya kisa ilichokiiga.

Na tukimwita mwanaakiolojia, jambo linazidi kuwa wazi. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulifukua chini ya msikiti wa mawe mfululizo wa misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, na ile ya chini kabisa ilikuwa midogo, ya miti, ya tangu karne ya 8. Vyungu vya tabaka hizo za mwanzo kwa sehemu kubwa ni vya ufinyanzi wa wenyeji, wa aina inayopatikana pia mbali na bahari. Mji haukushushwa kutoka jahazini ukiwa umekamilika; ulikua pale pale, watu wakibomoa cha miti na kujenga cha udongo, kisha cha matumbawe, wajukuu wakisali juu ya mashimo ya nguzo za mababu zao. Naomba kila mtunzi wa Ulindo alifikirie tabaka hilo la chini kabisa kabla ya kuandika neno pori.

Hapa najua nitajibiwa, na jibu lenyewe lina uzito. Mmoja wetu ameandika kwamba sayansi ya vinasaba imekwisha kuamua: utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliochunguza mabaki ya watu 80 wa zamani wa pwani na maeneo ya karibu, uligundua asili ya Kiajemi miongoni mwa watu wa miji hiyo, na kwa sababu hiyo wazee waliosema kwamba asili yao ni Shirazi walisema kweli. Nakubali nusu ya hoja hiyo kwa moyo mmoja. Ni kweli kwamba wasomi kadhaa walikuwa wamelifanya jina la Shirazi kuwa hadithi tupu, na sasa hawawezi tena kusema hivyo kwa urahisi. Ila utafiti huo huo unaonyesha kwamba kuchanganyika kulianza kiasi cha mwaka 1000, yaani zaidi ya karne mbili baada ya misikiti ya miti ya Shanga. Kwamba asili ya Kiasia ililetwa zaidi na wanaume, hasa wa Kiajemi. Na kwamba kwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, iliyopitia hasa kwa wanawake. Wanaume hao hawakukuta ufuo mtupu, kwa kuwa walikuta wake. Na watoto waliozaliwa walikua wakisema lugha ya mama zao, ndiyo maana lugha tunayoandikia mjadala huu ni ndugu ya Kipokomo, Kimijikenda na Kikomori, wala si ndugu ya Kiajemi. Mwenye kuutaja utafiti wa mwaka 2023 na autaje wote.

Hoja ya pili imenigusa zaidi, kwa kuwa imetoka kwa mtu ninayemheshimu. Amesema kwamba kuyaondoa majahazi saba ni kuwavunjia wazee heshima, kwani tarikhi za miji mingi ya pwani zimeanza hivyo na sisi si wa kuwarekebisha. Ndugu yangu, sijapendekeza tuyaondoe. Ninachosema ni kwamba wazee walipotaja Shirazi walikuwa wakifanya kazi kubwa zaidi ya kutaja bandari ya safari. Walikuwa wakidai hadhi, ukale wa Uislamu wao, na haki juu ya ardhi mbele ya wageni wa baadaye. Tazama Zanzibar: jina hilo la mji wa Uajemi lilikuja kuwa jina la watu waliojihesabu kuwa wenyeji halisi wa Unguja na Pemba, na chama cha Afro-Shirazi, kilichoundwa mwaka 1957, kililibeba katika siasa za wenyeji dhidi ya utawala wa Kisultani. Neno lililotokana na mgeni likawa neno la mwenyeji. Kulichukua neno lenye historia ya namna hiyo na kulifanya habari ya jahazi moja na harusi moja ni kuwapunguzia wazee maana, na mimi naona heshima kwao ni kuyaacha maneno yao yakiwa na kina kile kile walichoyapa.

Wapo pia wanaosema kwamba Ulindo ni nchi ya kubuni, hivyo yeyote aianzishe apendavyo. Shaaban Robert aliiweka Kusadikika angani mwaka 1951, na hakuna aliyemuuliza ramani. Ni sawa, lakini yeye hakuijaza nchi ya angani mawe ya matumbawe, milango ya nakshi na pepo za msimu. Sisi tumeyachukua hayo yote ili msomaji aione pwani yake, na msomaji akishaiona pwani yake, habari ya nani aliyeijenga haiwi tena mchezo. Zimbabwe Kuu, mji wa kale wa mawe kusini mwa Afrika, iliwahi kuandikiwa waasisi wa kubuni, Wafoinike na watu wa Malkia wa Sheba, na ingawa mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alionyesha mwaka 1929 kwamba ni kazi ya Waafrika, utawala wa walowezi wa Rhodesia uliendelea kuisumbua kweli hiyo hata mwanaakiolojia Peter Garlake, aliyeishikilia, akalazimika kuondoka nchini humo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisemi kwamba mwandishi wa rasimu ana nia ya namna hiyo. Namjua, na najua anaipenda pwani kuliko wengi wetu. Nasema tu kwamba ile sentensi ya pori na wavuvi wachache imewahi kutumika, na si kwa wema.

Basi napendekeza nini? Mgeni aje, lakini aje katika sura ya tatu au ya nne, na akute mji wenye desturi zake za kumpokea. Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alipofika Mogadishu mwaka 1331 alieleza jinsi vijana walivyopanda katika mashua kuilaki merikebu, kila mmoja akimpa mfanyabiashara chakula na kumtangaza kuwa mgeni wake, na kuanzia hapo mfanyabiashara hakuuza wala kununua ila kwa mkono wa mwenyeji wake. Humo ndimo uwezo ulimokaa. Naiona sura nzuri kabisa ya Ulindo ikijengwa juu ya desturi hiyo: mwana wa mfalme anayeshuka akiwa na fahari zote na ndoto yake ya panya, na kumbe hawezi kuuza hata joho moja hadi mwanamke au mzee fulani wa mji amkubali nyumbani kwake.

Na sura ya kwanza ianze mahali jina la nchi lilipoanzia. Tulipoiita Ulindo tulichukua neno la wakulima, la mahali pa kukaa usiku na mchana kulinda mtama usiliwe na ndege na nguruwe. Nchi iliyopewa jina na walinda mtama haiwezi kuwa imeanzishwa na nahodha. Palikuwa na shamba, palikuwa na aliyekaa juu ya dungu akitazama bahari kwa sababu ilikuwa upande huo huo wa shamba lake, na ndiye aliyeliona tanga la kwanza.

Ninaowaomba wajibu ni wale wanaoitetea rasimu, nao naomba wajibu kwa sura iliyoandikwa na si kwa hoja pekee. Mtawala aliyekiuza kisiwa anaitwa nani? Kaburi la mama yake liko upande gani wa mji? Zile nguo alizolipwa alizipeleka kwa nani huko bara, na binti yake, ambaye katika rasimu hana hata jina, aliwafundisha wanawe kuita bahari kwa neno gani?