Blogspot, WordPress au Wix: ipi inafaa duka la mapazia Sinza?

MapaziaSinza:
Wakuu, habari za jioni. Nina duka la mapazia hapa Sinza, tunashona na kwenda kufunga nyumbani kwa mteja. Wengi wananipata Instagram, ila anayeandika Google "mapazia Sinza" au "bei ya mapazia ya sebuleni" hanioni kabisa. Nataka tovuti yenye sehemu ya makala, na nimebaki na chaguo tatu: Blogspot kwa kuwa ni bure, WordPress ya kuhosti mwenyewe ambayo kila fundi ananitajia, au Wix ya kulipia kwa mwezi. Kazi zangu zote nafanyia kwenye simu, kompyuta naazima kwa mdogo wangu. Hela ipo ila si ya kuchezea. Naombeni uzoefu wenu.

FundiMwenge:
Karibu dada. Mimi najenga tovuti za WordPress, kwa hiyo jua mapema naegemea wapi. Programu yenyewe ni bure tangu 2003, unacholipia ni kikoa (anwani yako ya mtandaoni) na hosti (kampuni inayokutunzia tovuti kwenye kompyuta zake), na kampuni nyingi za hapa zinapokea malipo kwa simu. Kila kitu kinakuwa mali yako: ukichoshwa na hosti unabeba mafaili unahama. Mtu akikutoza hela ya cheti cha HTTPS (kinachofanya tovuti iwe salama kutembelea) mwambie shirika la Let's Encrypt wanatoa bure, na hosti nyingi zinakiweka kwa kubofya tu.

Shida ni matunzo. Programu, kiolezo (muonekano wa tovuti) na plagini (vijiprogramu vya nyongeza) vyote vinadai kusasishwa. Ukipuuza, ipo siku utafungua tovuti ya mapazia ukute matangazo ya kamari. Kama hakuna mtu wa kukushikia hiyo kazi, fikiria mara mbili.

BintiTemeke:
Nakazia hapo kwenye matunzo, na ndiyo sababu naitetea Blogspot. Watu wanaidharau bure. Ni ya Google tangu 2003, na mwanablogu Issa Michuzi alianzia huko 2005 akasomwa nchi nzima. Huhitaji hosti wala plagini, na makala unaandika kwenye kivinjari cha simu. Ukinunua kikoa chako cha .co.tz unakiunganisha, na anwani ya zamani ya blogspot inawaelekeza watu kwenye mpya yenyewe. Ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zako kwa ajili ya Google, nayo inajitengeneza.

Kasoro zipo. Anwani ya kila makala lazima iwe na mwaka na mwezi, mwishoni .html. Msomaji wa simu anaongezewa ?m=1 kwenye anwani, na Search Console, zana ya bure ya Google ya kuona tovuti yako inavyotokea kwao, itakuorodheshea kurasa hizo kama hazijaingizwa kwenye matokeo. Usishtuke, Google anachukua ile anwani kuu.

MzeeWaPosta:
Mabinti na vijana, kabla hamjafika mbali: kikoa kisajiliwe kwa jina la nani? Duka la familia yetu lilitengenezewa tovuti na kijana mmoja, akasajili kikoa kwa jina lake na barua pepe yake. Tulipotofautiana naye, anwani ilikwenda naye, na linki zote tulizokuwa tumepata kutoka tovuti nyingine kwa miaka zikamfuata. Dada, hata ukimlipa mtu akufanyie kila kitu, kikoa sajili kwa jina lako, barua pepe yako, namba yako ya simu. Mengine yote yanajengeka upya.

MapaziaSinza:
Shikamoo mzee, na ahsante sana. Hilo nisingeliwaza. Na Wix je, mbona hakuna anayeisemea?

FundiMwenge:
Inapendeza na Google anaisoma vizuri tu, wale wanaosema Wix haitokei wanaongelea enzi zilizopita. Ila malipo ni ya kadi na hayaishi, na wenyewe Wix wanasema tovuti iliyojengwa kwao haihamishiki hosti nyingine. Kwako siishauri.

Jembe_Tegeta:
Mimi naona mnabishania chombo wakati anayetafuta hajui hata umetumia nini. Andika "mapazia Sinza" sasa hivi kwenye simu: ramani ndiyo inatangulia. Kwa hiyo kabla ya tovuti, fungua wasifu wa biashara wa Google (Google Business Profile), ndio unaokuweka kwenye hiyo ramani. Ni bure. Mara nyingi watakutaka urekodi video ukionyesha mtaa, kibao cha duka na ndani. Jina liandike kama lilivyo kwenye kibao, usiongeze "mapazia bei nafuu Dar es Salaam", ni kinyume cha masharti na wanaweza kukufungia. Kisha kila mteja uliyemfungia pazia akaridhika, mtumie linki ya maoni WhatsApp siku hiyohiyo.

La pili ni picha, na duka la mapazia ni picha tupu. Picha ya simu ina MB 4 au 5. Ukiweka kumi kwenye ukurasa mmoja, mtu wa Gongo la Mboto mwenye bando la kubana atafunga kabla hajaona kitu. Google wanataka kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na siku hizi wanaipima tovuti kwa toleo la simu. Punguza upana hadi pikseli 1200, hifadhi kwa WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), hapo unashuka chini ya KB 200. Na jina la faili usiache IMG_2034, andika pazia-zito-dirisha-la-sebule.

Mchakarikaji:
Kuna jamaa anauza linki 500 kwa elfu hamsini, nikuunganishe?

FundiMwenge:
Hapana mkuu, usimpeleke huko. Google anapambana na linki za kununua miaka mingi, na 2012 alikaza zaidi kwa Penguin, badiliko la namna anavyopanga matokeo. Linki moja kutoka kwa fundi madirisha anayekufahamu inatosha kuliko hizo zote. Na akitokea wa kukuuzia kujaza maneno muhimu kwenye meta (maelezo yaliyofichwa ndani ya ukurasa), Google walishasema 2009 kwamba hawayatumii kupanga matokeo.

MapaziaSinza:
Sasa niandike nini? Mimi si mwandishi. Naweza tu kujibu ninayoulizwa dukani. Mfano kila siku naulizwa dirisha la futi 6 linakula mita ngapi. Nawaambia: futi 6 ni kama sm 183, ukitaka pazia lijikunje vizuri zidisha mara mbili, inakuwa sm 366, ongeza pindo za pembeni, kata mita 4. Kitambaa cha sm 280 upana wake ndio unakuwa urefu wa pazia, kwa hiyo huungi.

BintiTemeke:
Dada! Hiyo ndiyo makala yako ya kwanza. Kichwa chake: "Dirisha la futi 6 linahitaji mita ngapi za pazia?" Weka picha ya utepe wa kupimia ukiwa dirishani, na bei zako chini. Baada ya hapo Search Console itakuonyesha maneno halisi watu waliyoandika wakakuona, hadi miezi 16 nyuma. Ukikuta "fimbo za pazia" na hujawahi kuziandikia, hiyo ni ya pili.

MapaziaSinza:
Basi naanza na wasifu wa Google wiki hii, halafu Blogspot yenye kikoa changu. Swali la mwisho: biashara ikikua nikataka WordPress, nitapoteza nafasi yangu Google?

FundiMwenge:
Kikoa kikibaki kilekile, hapana. WordPress ina kiingizaji cha makala za Blogspot, na mpangilio wa anwani unaweza kuuweka mwaka, mwezi, jina na .html, zilingane na za zamani. Zitakazobadilika, hasa kurasa za kudumu ambazo Blogspot huziweka chini ya /p/, ziwekewe maelekezo ya 301, yanayompeleka mtu na Google moja kwa moja kwenye anwani mpya. Hakikisha jina la kila makala kwenye anwani limebaki neno kwa neno kabla hujazima ya zamani.