Profesa anayesema mtumbwi haupo, naombeni mnieleweshe wakuu

Nyamanoro_Juu: Wakuu habari za jumapili. Mdogo wangu anasoma falsafa seminari, mwaka wa pili, yuko likizo hapa Mwanza. Juzi tunakula sato, mzee akawa anasimulia mtumbwi wake unaotakiwa kwenda kwa fundi, dogo akadakia kwamba kuna profesa wa Marekani anaitwa Peter van Inwagen, anasema mtumbwi haupo, kuna mbao tu zilizokaa kimtumbwi. Mzee akaacha kula, akamuuliza "kwa hiyo nimekusomesha kwa kitu ambacho hakipo?" Meza nzima kimya. Iliniuma sana maana wote wawili nawapenda na najua hakuna aliyetaka kumuumiza mwenzake. Sasa naomba kujua huyu profesa ni nani, na anatafuta nini hasa, nikae na mzee nimueleze taratibu.

Frateri_wa_Zamani: Pole mkuu. Huyo mzee wa Kimarekani ni mtu mzito kwenye metafizikia, yaani tawi la falsafa linalouliza ni vitu gani vipo kweli na vikoje. Kazaliwa 1942, udaktari kaupata chuo kikuu cha Rochester 1969, akafundisha chuo cha Syracuse kuanzia 1971, halafu 1995 akahamia chuo cha Notre Dame, vyote hukohuko Marekani. Jina lake lilikua na kitabu cha 1983 kuhusu hiari ya binadamu, anasema kama kila tunachofanya kimeshapangwa na mambo ya zamani pamoja na sheria za maumbile, na vyote hivyo viwili haviko mikononi mwetu, basi na matendo yetu hayako mikononi mwetu. Yeye lakini anaamini hiari ipo, kwahiyo anaukataa huo mpango wa kila kitu kuamuliwa tangu zamani.

Ya mtumbwi iko kwenye kitabu chake kingine, Material Beings, 1990. Swali lake ni moja tu, vitu vingi vinakuwa kitu kimoja lini? Jibu lake ni pale tu vinapounda uhai. Sangara ni kitu kimoja, wewe ni kitu kimoja, mtumbwi hapana. Ila mwambie mzee kwamba hakuitwa mwongo. Profesa anasema ni kama mtu anaposema jua limesogea, sisi hapa kila jioni tunasema jua limezama ziwani na hakuna anayedanganya, ukija kwenye hesabu za anga ndo unaongea vingine.

Fundi_Igombe: mimi natengeneza mitumbwi naomba niseme kidogo. Ukishapanga mbao kwenye mkuku (uti wa chini) na mataruma (mbavu zake) ukapiga misumari ukaziba na pamba, bado hizo ni mbao, maji yanaingia, tunaushusha ziwani unalala umejaa maji hata siku mbili na mwenye mali anakaa na wasiwasi, halafu mbao zinavimba zinabanana zenyewe kwa zenyewe, unaweka kiganja kwenye maungio unasikia pamekaza, unakumba maji hayarudi. Hapo ndo tunasema mtumbwi. Sasa huyo profesa angeweka mkono wake hapo asingesema ni mbao tu, kuna kitu kimezaliwa, mimi nimekishika

Frateri_wa_Zamani: Fundi, umenigusa kweli, na hoja yako ameifikiria. Anasema hivi: watu wawili wakipeana mikono, ghafla mikono ikakakamaa isiachane tena, je pamezaliwa kitu cha tatu duniani? Tutasema hapana, ni watu walewale wawili walioganda. Kwahiyo kukaza peke yake hakutoshi. Mimi binafsi naona mbao zako zinafanya kazi kwa pamoja kuliko hiyo mikono, na hapo sijamkubali moja kwa moja.

Mhaya_wa_Kirumba: Nyongeza. Kuna padre wa Rwanda, Alexis Kagame, 1956 alitoa kitabu akichambua kinyarwanda, akaona vyote vilivyopo vinaingia makundi manne: mtu, kitu, mahali na namna. Kwetu kihaya ni omuntu, ekintu, ni lugha jirani kabisa. Kwake mstari unapita kwenye akili, mwenye akili ni mtu, asiye nayo, hata ng'ombe, ni kitu. Van Inwagen mstari kaupitisha kwenye uhai. Dogo amsome na huyu, ni wa karibu na nyumbani.

Nyamanoro_Juu: Asanteni mno. Nimemsomea mzee post zote, ya fundi kaniambia nirudie mara mbili. Kakaa muda kisha kauliza kitu nimeshindwa kujibu. Bibi tulimzika mwezi wa nne. Mzee anasema kama kitu kimoja ni chenye uhai tu, siku ile pale kaburini alimshusha nani?

Frateri_wa_Zamani: Poleni sana na msiba. Kwa msimamo wa profesa, uhai ukikatika yule mtu hayupo tena pale. Ila huyu profesa ni mkristo, na 1978, kabla hata hajaingia kanisani rasmi, aliandika kuhusu ufufuko. Alisema yawezekana kabisa Mungu anauchukua mwili wenyewe mtu anapofariki anautunza, na tunachokizika ni mfano wake. Hakusema ndivyo ilivyo, alitaka kuonyesha haishindikani. Dogo asome hayo maandishi na mzee, wakae wawili.

Nyamanoro_Juu: Wapo nje barazani sasa hivi. Dogo anatafsiri mstari kwa mstari, mzee kashika taa.