Nampeleka mamangu Bogoria: maji yale yaogeka?

UmmuSalim, Kisauni
Assalaam aleikum waungwana. Shule zikifungwa twaenda Ziwa Bogoria, mimi, mamangu na wanangu wawili. Mamangu yuwaumwa na magoti na ameambiwa maji ya moto ya pale ni dawa, basi yuwataka kuingia mwili mzima. Kwa aliyefika: yaogeka?

Dereva wa Changamwe
Waaleikum salaam dada. Nimewapeleka wageni sana huko, nakuomba hili ulishike: pale Loburu, penye chemchemi za moto kando ya ziwa, haogi mtu. Maji yatoka ardhini yakichemka. Ziwa liko karibu mita 1,000 juu ya bahari, kwa hivyo huchemka kabla ya kufika nyuzi 100 za hapa kwetu pwani, lakini hilo halimwokoi mtoto. Watu hutia mayai mle na kuyatoa yameiva.

Nihofiacho zaidi ni ardhi. Kandokando ya matundu pana ukoko mweupe, kwa macho ni mgumu, chini yake pengine ni tope linalochemka. Kanyageni palipokanyagwa na askari wa hifadhi. Watoto washikeni mkono, kuwaonya hakutoshi. Upepo ukiwageuzia mvuke, simameni mpaka upite, kwani hamtaona mguu waenda wapi.

Tena, video nyingi za maji yakiruka ni za zamani. Ziwa limepanda sana tangu miaka ya 2010, likameza chemchemi nyingi na barabara ya zamani. Mtaona mapovu ndani ya ziwa kwenyewe. Bado yafaa kwenda, wallahi.

Bi mkubwa aoge kwenye bwawa la hoteli iliyo karibu na lango la Loboi, maji yake ni ya uvuguvugu kutoka chemchemi. Kama ana presha au moyo, amuone daktari kwanza. Pandeni treni Miritini hadi Nairobi, kisha Nakuru, Marigat, Loboi. Laleni njiani, msimchoshe mzee.

Babu wa Tudor
Mwanangu, kama haja ni kuoga tu, ishieni Olkaria, Naivasha. Bwawa la pale hupata maji ya visima vya mvuke wa kuzalishia umeme, yakishapoozwa. Rangi yake ni samawati ya maziwa kwa sababu ya silika, madini yaliyomo majini.

UmmuSalim
Shukran sana babu, na wewe kaka. Nimemsomea mamangu yote. Olkaria ataoga, Bogoria atatazama, na mayai ashasema atayabeba mwenyewe.