Drafti ya misimu mingi: kila mtu abaki na wachezaji wangapi?

Katibu wa Ligi
Wakuu, salaam. Ligi za Fantasy za bajeti ya milioni 100, ule mchezo wa kuunda kikosi cha wachezaji halisi wa Premier League na kuvuna pointi kwa wanachofanya uwanjani, tumeona zilipofikia. Wiki ya 25 watu kumi wana vikosi vya kufanana kama sare za shule, tofauti imebaki nahodha, yule ambaye pointi zake zinazidishwa mara mbili. Ndiyo maana wengi wanahamia drafti: mchezaji mmoja, mwenye mmoja. Hakuna bei, hakuna nahodha, hakuna wildcard ya kubadili kikosi kizima kwa mkupuo. Mnateua kwa zamu hadi kila mtu afikishe 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, mastraika 3.

Ubishi unaanza msimu wa pili. Mtandao wenyewe wa drafti haukumbuki kitu, kila Agosti mnafungua ligi upya. Wanaotaka ligi ya kudumu inabidi wakubaliane pembeni nani abaki na nani arudi sokoni, yaani kwa wasio na mwenye. Pendekezo langu: kila mtu abakize watatu, na kila anayebaki anakula raundi aliyoteuliwa mwaka jana ukitoa mbili. Aliyeteuliwa raundi ya 9, mwaka huu anakugharimu nafasi yako ya raundi ya 7. Wa raundi ya 1 na ya 2 wanarudi sokoni. Leteni hoja.

(Na tafadhali, mtu anayechukua kipa kabla ya raundi ya 10 apimwe mkojo.)

Mzee wa Vizibo
Mimi drafti naijua moja, ya vizibo vya soda chini ya mwarobaini. Mchezo ukiisha unapanga kete upya, hakuna anayeondoka na kingi wa jana. Jibu: sifuri.

Glovu za Kushona
Katibu, mada nzuri ila hayo mabano yako yamenikaa kooni. Hesabu za darasa la tatu hizi. Premier League ina timu 20, kila timu inaanza na kipa mmoja. Ligi ya watu 10, kila mmoja lazima awe na makipa wawili. Kumi mara mbili?

Yaani makipa wote wanaocheza wanaisha. Unayesubiri raundi ya 14 ukisema "makipa wapo tu" unaokota kipa wa akiba anayedaka Kombe la Carabao, na Carabao huku haina pointi. Ligi ya watu 12 inahitaji makipa 24, maana yake wanne wamekufa kabla filimbi haijapulizwa. Sasa nani apimwe mkojo?

Dada Takwimu
Kaka Glovu, umehesabu vizuri kitu kisichohitajika. Kipa anayekuletea pointi kwa wiki ni mmoja. Watu 10 wanahitaji makipa 10, na wanaoanza ni 20. Wa pili ni bima tu.

Uhaba uko mbele. Watu 10 wanataka mastraika 30, na timu nyingi sasa zinaanza na straika mmoja. Toa timu zinazompanga kiungo pale mbele, unabaki na ishirini hivi wa kuaminika. Mabeki mnahitaji 50, wanaoanza ni kama 80. Kwa hiyo raundi tatu za mwanzo ni wafungaji. Mabeki kuanzia ya 6, na humo tafuta wale wa kuokoa mipira mingi: tangu 2025/26 beki akifikisha matendo 10 ya ulinzi anapata pointi 2 hata timu yake ikifungwa nne. Kipa wa kwanza raundi ya 11 au 12, wa pili ya 15.

Tena makipa wanalipwa kwa njia mbili. Wa timu kubwa anakula 4 za kutofungwa. Wa timu dhaifu anadaka kutwa nzima: kila mipira mitatu pointi 1, penalti 5. Mwisho wa msimu wanakaribiana.

Glovu za Kushona
"Wanakaribiana" ni takwimu ya wapi hiyo dada? Jina lako Takwimu, leta takwimu. Halafu hukusema kwamba kila mabao mawili ya kufungwa yanamla pointi 1. Anayedaka sita akafungwa manne kafanya kazi ya bure, 2 kuingia 2 kutoka.

Dada Takwimu
Bado ana 2 za kucheza dakika 60. Kasome kanuni halafu urudi.

Mvita 04
Yakhe, makipa hayakuulizwa. Mada ni kubakiza. Mimi naipinga hii "raundi kutoa mbili", na mfano ninao. Cole Palmer, 2023. Alianza msimu kwa bei ya 5.5 kwenye ligi za bajeti, yuko benchi Man City, drafti nyingi hakuteuliwa kabisa. Tarehe 1 Septemba akaenda Chelsea, akafunga 22. Mtu kamuokota sokoni wiki ya nne, bure. Haya Katibu, aliyeokotwa hana raundi. Mwaka unaofuata anakula raundi gani?

Buza Kwa Takeo
5.0 sio 5.5. Pointi 244, ndiye aliyeongoza mchezo mzima mwaka ule.

Katibu wa Ligi
Hoja ya Mvita nzito, nakiri shimo lipo. Ukisema anakula raundi ya 15, mwenye bahati anakaa naye miaka: 15, 13, 11, 9. Miaka minne ya mtu wa pointi mia mbili kwa bei ya karanga. Naongeza kifungu: aliyeokotwa sokoni anahesabiwa raundi ya 10, akibaki anakula ya 8. Na hakuna anayebaki zaidi ya mara mbili mfululizo.

Mvita 04
Hapo sasa mwaka wa tatu anarudi sokoni. Ligi "ya kudumu" gani hiyo? Sema ligi ya kupangisha.

Minneapolis Mchana Usiku
Habari za huko. Hapa Marekani mchezo huu kwa mpira wao umekomaa, watu wanabaki na kikosi kizima, siyo watatu. Mwaka wa kwanza mnateua raundi 20 na zaidi, baada ya hapo kila mwaka mnateua wageni tu, wale wanaoingia ligi kwa mara ya kwanza, raundi tatu hadi tano. Hata nafasi ya mwaka kesho kutwa unaweza kuiuza leo. Tatizo la Katibu ni woga.

Siri yake ni umri. Mkimbiaji anachoka mapema, kwotabaki, yule mrusha mpira, anadumu, Tom Brady alicheza misimu 23. Ukijenga kikosi unapima miaka, hupimi pointi za jana tu.

Buza Kwa Takeo
Karibu sana shemeji wa theluji. Ila umetuletea mbegu ya tufaha tupande Kigamboni. NFL, ligi yao, ni timu 32 zile zile, hakuna kushuka daraja, na wageni wanaingia kwa mlango mmoja kila Aprili, raundi saba. Premier League ina milango kila upande. Timu tatu zinashuka kila mwaka na wachezaji wako wanashuka nazo. Harry Kane wa Tottenham alibakizwa na kila mwenye akili mwaka 2023, mabao 30 msimu uliotangulia. Msimu ukaanza Ijumaa tarehe 11 Agosti, tarehe 12 akatangazwa Bayern ya Ujerumani. Ivan Toney mwaka uliofuata, akaenda Saudia mwisho wa Agosti. Son, De Bruyne, Trent, Luis Díaz, wote wakaondoka kiangazi kimoja cha 2025. Bakiza kikosi kizima cha 15 uone unaamka Septemba na wangapi.

Na hata asipoondoka, nafasi inabadilishwa. Havertz wa Arsenal alikuwa kiungo 2023/24, mwaka uliofuata wakamwandika straika. Bao lake likashuka kutoka 5 hadi 4, na wewe unajikuta na mastraika wanne kwenye nafasi tatu.

Minneapolis Mchana Usiku
"Shemeji wa theluji" ya nini tena? Mtu akitoa hoja mnamwangalia anapokaa.

Mzee wa Vizibo
Ametania tu mwanangu. Huko kwenu vizibo vinapatikana?

Kisumu Offside
Buza amesema kweli, na ndiyo sababu ya kubakiza wachache. Lakini msishughulike na idadi kabla ya kutatua utekelezaji, maana hapo ndipo ligi hufa. Mtandao haujui nani amebakizwa. Kwa hivyo inafanywa hivi: saa 48 kabla ya drafti, orodha ya wanaobaki inabandikwa juu kwenye grupu, jina na raundi yake. Zamu yako ya raundi ile ikifika unamchagua mwenyewe, na hakuna mwingine anayemgusa. Muda wa kuchagua wekeni mrefu kabisa unaoruhusiwa. Watu 10 ni machaguo 150, hata mkitumia dakika moja moja ni saa mbili na nusu, kwa hivyo mtu asiseme ana harusi saa kumi.

Kinachoharibu ni stima kupotea. Mtu akikatika, mfumo unamchagulia wenyewe, na utamchagulia aliyebakizwa na mwenzake bila haya. Dawa ni kubadilishana baada ya drafti, lakini kumbukeni kikosi lazima kibaki 2-5-5-3, kwa hivyo kiungo hurudishwa kwa kiungo tu. Kubalianeni mapema kuwa yule aliyechaguliwa kimakosa hurudishwa kwa kiungo wa mwisho wa mwenye mali, si wa katikati.

Glovu za Kushona
Kisumu umeandika vizuri, kwa Mkenya Kiswahili hiki si haba. Ila kwenye mfano wako badala ya kiungo weka kipa. Mfumo ukimchukua kipa wangu raundi ya 12, narudishiwa kwa kipa gani na makipa wote 20 wameshachukuliwa? Mnaona?

Kisumu Offside
"Kwa Mkenya"? Wewe umeandika mistari arobaini juu ya kipa na hakuna aliyekuelewa bado. Kiswahili si shida yako, shida ni kipa.

Mvita 04
Na wa Mvita tuseme nini, ambao Kiswahili kilitoka kwetu kikapanda mashua kuja kwenu?

Buza Kwa Takeo
Haya, imeanza. Tunarudi saa mbili usiku.

Mkiani FC
Nimesoma kuanzia juu, hakuna aliyegusa zamu. Nani anateua wa kwanza msimu wa pili? Mkimpa aliyeshika mkia, kuanzia Aprili mtu wa nane atawaweka majeruhi kikosini ili ashuke. Na namba 1 ina thamani: Salah 2024/25 alivuna 344, rekodi ya mchezo, na bila unahodha bado ni 344. Zamu ya nyoka, ambapo kila raundi mnageuza mpangilio na wa mwisho anaanza, inasawazisha kiasi fulani tu. Watu 10, wa kwanza anapata chaguo la 1, la 20 na la 21. Wa kumi anapata la 10, la 11, kisha anakaa hadi la 30.

Mimi nasema zawadi ziende kwa watatu wa juu, na wa nne ndiye achague wa kwanza. Hapo kila mtu atapigana hadi wiki ya 38.

Dada Takwimu
Mkiani, kwa hiyo aliye wa mwisho anazidi kuzama kila mwaka hadi ajitoe, na kiingilio chake mkose. Timu isiyo na mwenye ni sumu ya ligi ndefu: nani ataingia achukue kikosi kibovu chenye nafasi mbovu? Chukua wanne wa mwisho, majina kwenye kofia, wachomoe moja kwa moja kwenye video ya grupu. Wa mwisho hana uhakika wa namba 1, kwa hiyo kushuka makusudi hakumlipi. Na timu iliyopanga mchezaji aliyeumia wiki tatu mfululizo wakati sokoni wapo wazima, jina lake lisiingie kofiani.

Mkiani FC
Wiki tatu mfululizo atajuaje mtu? Desemba 2025 wakati wa AFCON ya Morocco, wenye Salah na Mbeumo wangefanyaje? Wa bajeti walijaziwa uhamisho wa bure hadi tano, wa drafti hawakupewa hata pole. Ukimwachia Salah sokoni, jirani anamzoa. Ukimweka benchi, umekula nafasi. Huyo naye utamtoa kofiani?

Dada Takwimu
Kuweka benchi siyo kupanga. Nimeandika "kupanga".

Katibu wa Ligi
Naona wengi wanakubali kofia, na kifungu cha raundi ya 10 hakikupingwa sana. Saa 48 za Kisumu zimekubaliwa. Sasa tafadhali turudi kwenye swali: watatu au wawili? Andikeni namba tu, bila maelezo.

Buza Kwa Takeo
2

Mvita 04
5, na bila kikomo cha miaka.

Minneapolis Mchana Usiku
15

Mzee wa Vizibo
0

Kisumu Offside
3

Glovu za Kushona
3, lakini mmoja wao lazima awe kipa.