Mtoto kakimbia risasi, nyie mnamdai barua ya uhamisho?

Wakuu, leo mtanisamehe, nina hasira.

Kuna mama kafika kambini kwa miguu, kwake kumebaki majivu. Kampeleka mwanawe shule ya jirani, mwalimu mkuu anataka barua ya uhamisho kutoka shule aliyotoka. Ipi? Ile iliyochomwa? Walimu wake wenyewe hawajulikani walipo! Jibu: "Utaratibu ni utaratibu." Mama karudi hemani na mtoto, na daftari jipya alilolinunua kwa kuuza mafuta ya mgao.

Na jambo hili lilishafikiriwa zamani. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani (waliokimbia makwao bila kuvuka mpaka wa nchi yao), ya mwaka 1998, inasema waliopoteza hati wapewe nyingine, na wasilazimishwe kurudi walikotoka kuzifuata. Inasema pia elimu ya msingi iwe bure na ya lazima. Sawa, miongozo si sheria, lakini hata kuifungua tu imewashinda?

Zahanati nako yale yale. Nesi anadai kadi ya kliniki ndipo achanje. Kadi imeungua na kabati, dada yangu! Asiye na kadi anahesabiwa hajachanjwa, anachanjwa, basi. Dozi ya surua ikirudiwa haimdhuru mtoto. Ndiyo maana kampeni za dharura makambini huchanja wote, kuanzia miezi 6 hadi miaka 15, bila kuuliza nani alishachanjwa. Surua ikiingia kwenye mahema yaliyobanana, inaanza na wale waliodhoofu kwa njaa. Mtoto wa miaka miwili ambaye utepe wa kupima unene wa mkono umesoma nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, dalili ya utapiamlo mkali, angoje mama yake akahangaikie karatasi?

Ila wakija wageni na kamera, oh, milango yote wazi. Watoto wanapangwa mstari, wanaimbishwa, picha zinapigwa. (Karatasi siku hiyo haiulizwi.)

Mwalimu mkuu, msomeshe mtoto kipande cha habari, mpe hesabu mbili tatu, mweke darasa linalomfaa. Ni kazi ya asubuhi moja. Barua itafuata, isipofuata pia dunia haianguki.

Mlioko idara za elimu na afya najua mnasoma hapa. Semeni nani katoa amri ya hizi barua na kadi, kwa waraka gani. Na asije mtu na "tunalifanyia kazi".