Gredi ya 9 Taita Taveta: C1 ya mbali, bweni la kaunti, au kutwa ya karibu?

MamaWaMwatate
Hamjambo wenzangu. Nina binti wa Gredi ya 9 na karibuni tutachagua shule za sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi 12). Anataka uuguzi, kwa hiyo ameshikilia mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) kwa Bayolojia, Kemia na Fizikia. Baba yake anataka C1 nje ya kaunti, zile zilizokuwa za kitaifa, kwa sababu ya jina. Mimi naiangalia karo. Zilizokuwa za kitaifa ni shilingi 53,554 kwa mwaka, zilizokuwa za kaunti 40,535, na hapo hujagusa godoro, sanduku, sare wala nauli. Sisi ni wakulima. Mvua ikikosa, hakuna mshahara wa kuegemea.

Nimebaki na tatu: hiyo C1, bweni la wasichana la C3 (zilizokuwa za kaunti) huku milimani upande wa Wundanyi, na shule ya kutwa ya C4 (zilizokuwa za kaunti ndogo), mwendo wa kama saa moja kwa miguu kutoka kwetu. Nimetafuta wastani wa KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, wa zote na ya kutwa iko chini kabisa. Je, wastani unatosha kuamulia? Waliopitia haya nisaidieni.

ChakiNyeupe
Mama, mimi ni mwalimu, na huo wastani nisingeupa uzito unaoupa. KCSE ni ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 na kundi la mwisho litaifanya 2027. Binti yako hataifanya. Tena haikuambii shule ilipokea watoto wa aina gani. Shule iliyochukua waliopata 380 kwenye KCPE, mtihani wa zamani wa darasa la nane, ikawatoa na C+ haijawafanyia makubwa kuliko iliyochukua wa 220 ikawatoa na C. Uliza na idadi ya watahiniwa, maana darasa likiwa na watu 30, wachache wakianguka wastani wote unaporomoka.

Ukifika ofisini uliza hivi: nani anafundisha Fizikia, na ameajiriwa na nani? Shule nyingi za mashambani zina mwalimu mmoja wa somo hilo, tena wa BOM (bodi ya shule), anayelipwa kwa pesa za wazazi. Akipata ajira ya TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, kwingine anaondoka katikati ya muhula na watoto wanabaki na vitabu.

Halafu omba kuingia maabara. Usioneshwe kupitia dirishani, ingia. Fungua bomba uone kama maji yanatoka. Uliza mtungi wa gesi ulijazwa lini. Tazama chupa za kemikali: lebo zikiwa zimefifia na vumbi limegandia vifuniko, ujue Kemia inasomwa ubaoni tu. Jengo zuri la maabara lisikudanganye.

BabaWatatu
Wangu aliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Kumbuka huchagui shule moja. Kundi letu lilijaza 12: tisa za bweni, tatu ndani ya kaunti na sita nje, kisha tatu za kutwa katika kaunti ndogo yako. Jirani zangu walijaza hizo za kutwa bila hata kuzitembelea, wakiamini hazitawafikia. Mmoja wao mtoto alipangiwa huko huko.

Angalia pia kama shule inafundisha ule mchanganyiko wa masomo matatu. STEM utaikuta kila mahali, mchanganyiko wenyewe ndio hutofautiana. Na alama hazianzi upya: KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9, ina asilimia 60, mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20.

Mkulima_Sagalla
Dada, hiyo saa moja ya miguu inapita wapi? Huku kwetu kiangazi ndovu hutoka mbuga ya Tsavo kutafuta maji na mazao. Mtoto hawezi kutoka nyumbani kabla hakujapambazuka, na jioni anatakiwa awe njiani mapema. Wenzake wa karibu wanapata masomo ya asubuhi na ya jioni, yeye yanampita yote.

Wazazi wengine huwapangishia watoto vyumba pale sokoni karibu na shule. Kwa msichana wa miaka 15 kulala peke yake, mimi sikubali kabisa. Kama hakuna ndugu mtu mzima wa kukaa naye, basi hiyo kutwa si ya bei nafuu hata kidogo.

Muuguzi_wa_Zamu
Kwa vigezo vya KCSE, diploma ya uuguzi ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, inadai Bayolojia, lugha, na mojawapo ya Kemia, Fizikia au Hisabati. Vya kizazi chao vitatoka baadaye, lakini shule yenye walimu imara wa Bayolojia na Kemia usiifute kwa sababu ya Fizikia pekee. KMTC ina kampasi hapa hapa Voi, na hawamuulizi mtu alisoma C ngapi.

MamaWaMwatate
Asanteni sana, mwalimu hasa. Nimeenda kote kuwili. Kule milimani wana walimu wawili wa Fizikia, wote wa TSC, na maabara inatumika: nimekuta wasichana ndani wakiosha mirija. Kilichonisumbua ni bweni. Vitanda vimebanana hadi huwezi kupita kati yake bila kujipinda, na nimemwambia mwalimu mkuu hivyo hivyo. Amekubali karo ilipwe kidogo kidogo. Ya kutwa ina mwalimu mzuri sana wa Bayolojia na Kemia, Fizikia ni ya BOM. Shangazi yake anakaa karibu na hapo, amesema atampokea.

Basi ya milimani itakuwa ya kwanza katika zile za kaunti, na hiyo ya kutwa ya kwanza katika za kutwa. C1 tutaziweka kwenye nafasi za nje, ila zile tu ambazo nauli yake tunaimudu. Baba yake ameridhia.

BabaWatatu
Vizuri sana. Siku ya kujaza mtandaoni nenda wewe mwenyewe, ukae karibu na mwalimu anayeingiza. Shule za majina yanayofanana zimejaa nchi hii. Soma jina na kaunti ya kila moja kabla hajatuma, kisha omba nakala.